Kila Mti Unaondoka na Udongo Wake

Ruring'u,
Nyeri.
Jumamosi, 17 Mei 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mutahi,

Pokea salamu zangu nyingi, na za Mama ambaye amekaa hapa kando yangu akijifanya amesinzia. U hali gani huko Saitama? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa theluji kimepona? Natumaini sasa baridi imekwisha unalala bila kukohoa, na kwamba yule mzee mwajiri wako anakuacha upumzike angalau Jumapili.

Sisi tuko. Presha ya Mama imeshuka kidogo na anakula. Watiri wangu amekuwa mrefu hadi ananipita, na amechaguliwa kuimba kwenye kwaya ya shule. Kazi ya kushona sare imepungua tangu shule zifunguliwe, lakini cherehani haijalala kabisa. Kwa hayo namshukuru Mungu.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Ninaiandika kwa mkono, na nikimaliza nitapiga picha kurasa zote nikutumie. Kwenye simu wewe huwa unakimbilia kazini, nami nikianza kulia tunakata bila kuambiana lolote. Na kuna mambo ya nyumbani ambayo kaka yetu amekueleza nusu. Gathogo amekuambia kwamba mkewe Tabby aliteleza kwenye tope akaumia. Mutahi, Tabby hakuteleza.

Niruhusu nianze mbali kidogo, kwa sababu wewe umekaa nje miaka mingi na shamba la Baba unalolijua wewe halipo tena.

Unakumbuka zile picha ulizotuma ulipofika huko Japani, za miti iliyokatwa matawi yakabaki mafungu mafungu kama mawingu. Ulimwandikia Gathogo kwamba mti huo mnauita maki, na kwamba ni jamaa ya muthengera wetu, ule mti wa msituni. Kaka alitembea na simu ile kijiji kizima akionyesha watu. Msimu uliofuata aling'oa kahawa yote ya Baba, ule upande wa mteremko juu ya nyumba ya Mama, akapanda miti ya mapambo. Miwese, misonobari ya kila aina, na mithengera ambayo alijifunza kuipogoa kwa kutazama picha zako.

Sitamsema vibaya kwa hilo. Kwa muda alionekana ana akili kuliko sisi wote. Pesa za kahawa zilikuja kiwanda kilipojisikia, lakini mti wa mapambo, alituambia, unalala shambani na asubuhi umeongeza bei. Mche mdogo hauna maana, kila mtu anauuza kando ya barabara kuu. Pesa iko kwa mti ambao tayari ni mti. Mtu anamaliza nyumba yake Ruiru au hoteli yake Nanyuki, na anataka kivuli wiki hiyo hiyo. Haijalishi kwamba kivuli hicho kilikuzwa na mtu mwingine kwa miaka. Yeye analipa, kinapakiwa, kinaenda.

Gathogo aliezeka nyumba upya. Alimlipia mwanawe Kihara chuo mpaka mwisho. Wewe mwenyewe ulifurahi.

Nilipoanza kuogopa ni siku nilipoona jinsi miti inavyotolewa. Wanachimba mfereji kuzunguka shina, wanakata mizizi, wanalifunga bonge la udongo kwa magunia na kamba, kisha lori lenye kreni linauinua mti na bonge lake. Bila bonge mti unakufa njiani na mnunuzi halipi. Kwa hivyo kila mti unaondoka na udongo wake, ule udongo mweusi wa juu ambao Baba alikuwa akiupa samadi. Kinachobaki ni shimo ambamo ng'ombe anaweza kuzama. Na mteremko wetu unaujua ulivyo. Hata kuku hupanda kwa shida.

Wewe ndiye uliyenieleza kwamba yule mzee mwajiri wako akiuza miti yake huagiza udongo kwa malori kujaza mashimo, na kwamba gharama hiyo humlia faida karibu yote. Nilimfikishia Gathogo. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

“Hiyo ni mambo ya Japani,” aliniambia. “Nikinunua udongo, nitabaki na nini? Dalali anachukua yake, mwenye lori anachukua yake, miti ingine inakauka huko inaenda na narudishiwa hasara. Udongo ndio kitu moja tu hapa ni ya bure.”

Mashimo yakabaki wazi. Mvua ya vuli ikayajaza, yakawa kama mabirika yaliyopangwa juu ya nyumba ya mama yetu.

Dalili zilianza Machi, na mwanzoni zilikuwa ndogo, za kukufanya ujione mjinga ukizitaja. Lango la chini likakataa kufungwa. Chemchemi ya kwa Kagure, jirani yetu wa bondeni, ambayo tangu utoto wetu ilikuwa maji ya kunywa, ikaanza kutoa maji mekundu. Kisha ikakauka, na maji yakatokea pengine, katikati ya shamba lake la viazi. Ng'ombe akawa halali bandani. Tabby aliniambia alikuwa akimkuta asubuhi amesimama pale pale alipomwacha jioni, masikio juu.

Halafu miti. Ile mithengera mikubwa iliyobaki ilikuwa imesimama wima siku zote kwa sababu kaka anaipenda kuliko chochote. Siku moja nilikuwa nimekaa na Mama nje tukimenya viazi, nikaona yote imeinama kidogo upande mmoja, kuelekea kwetu, kama watu wanaojaribu kusikia mnaongea nini. Nilimwonyesha Mama. Aliangalia, akaendelea kumenya, akasema, “Nimeiona. Usimwambie ndugu yako, ataifunga kamba.” Na kweli alikuwa ameshanunua kamba.

Aprili akapata oda kubwa. Kuna watu wanajenga esteti kule Thika Road, nyumba nyingi zinazofanana, na wanataka miti mikubwa yenye kimo kimoja kando ya barabara yao kabla ya siku ya ufunguzi. Kaka alifurahi hadi akakosa usingizi. Unajua mwenyewe shida ya miti hii: ikipita kimo wanachotaka wanunuzi, haina wa kuinunua tena, inakuwa kuni. Miwese yake ilikuwa imefikia ukingoni. Aliona ni sasa au kamwe.

Lori alilozoea ni la Zubair, yule mwenye duka la pembejeo karibu na msikiti mjini, ambaye ulisoma na mdogo wake Yasin. Zubair alikuja kuangalia kazi. Alipanda mteremko peke yake, akakaa huko muda mrefu, akashuka viatu vyote ni matope. Mimi nilikuwepo.

“Gathogo, ndugu yangu,” alisema, “huko juu ardhi imepasuka. Nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.”

“Ni jua ya Februari ilipasua.”

“Ufa wa jua huzibwa na mvua. Huu umenyeshewa na unazidi kupanuka. Wallahi sileti lori langu hapa. Na mama asilale nyumba ile.”

“Basi nitatafuta mtu ako na roho.”

Alimpata. Dalali kutoka Kagio, ambaye simjui jina na sitaki kulijua, akaleta lori kubwa zaidi na vijana wake. Walichimba katika mvua. Walichukua miwese yote, wakaacha mithengera kwa sababu esteti haikuitaka wakati huo. Mutahi, siku walipomaliza nilisimama barabarani nikatazama juu, na mteremko ulikuwa na matundu kama mdomo uliong'olewa meno.

Nilimwomba Mama aje kwangu. Alikataa. Kaburi la Baba liko pale, alisema, na yeye hajawahi kulala Ruring'u penye kelele za vijana wa stediamu.

Ijumaa moja Tabby alinipigia simu akiwa anahema. “Njoo, mama hatoki ndani.” Nilidhani amekufa. Nilipofika, na Zubair ndiye aliyenipeleka kwa pikapu yake, nilimkuta Gathogo anapiga mlango wa chumba kwa shoka. Mlango ulikuwa umekwama. Fremu yote ilikuwa imepinda, juu imebana mbao kama koleo, na ukutani kulikuwa na mstari mpya kutoka kwenye paa mpaka sakafuni. Mama alikuwa ndani ameketi kitandani na koti lake la kanisa, mkoba mapajani, anangojea.

Mlango ulipopasuka alitoka akampita Gathogo bila kumtazama. Akaniambia, “Twende kwako.”

“Ni mbao imevimba na mvua, Mama,” kaka alisema. “Ni mbao tu.”

Mama alisimama. “Gathogo, mbao haingurumi.” Kumbe alikuwa amelala akisikia. Siku kadhaa alikuwa amelala na sauti hiyo chini ya kitanda chake na hakumwambia mtu.

Nilimsihi Tabby aje nasi. Alisema ng'ombe hawezi kuachwa, na Baba Kihara hawezi kuachwa, maana akiachwa hali. Nyumba yao iko pembeni kidogo, akadhani haitaguswa. Nikakubali. Ningeweza kumvuta mkono.

Jumapili, baada ya ibada, kulikuwa hata na jua. Watu walikuwa barabarani wanarudi kutoka kanisani. Tabby alienda bandani kukamua. Kagure ndiye aliyeona kila kitu akiwa njiani kutoka kanisani, ng'ambo ya bonde, na ameniambia hakukuwa na kishindo mwanzoni. Anasema aliona mithengera inatembea. Ilikuwa imesimama vile vile, mawingu yake yote yakiwa mazuri, na ilikuwa inateremka. Halafu ndipo sauti ikaja.

Ardhi ilichukua nyumba ya Mama yote, jiko, banda na ng'ombe. Ilisimama ukutani mwa Gathogo kama iliyochoka. Kaburi la Baba hatujui liko wapi.

Tabby alikuwa amefunikwa mpaka kifuani. Gathogo alimchimba na yale majembe ya kuchimbia miti, na kila mtu aliyetoka kanisani akachimba, wengine na vifuniko vya sufuria, wengine na mikono. Alikuwa macho muda wote. Alikuwa anawaambia wachimbe pole pole. Zubair alimpeleka hospitali nyuma ya pikapu, amelazwa juu ya mlango wa Mama, ule ule uliovunjwa. Ulikuwa umetupwa nje na ndio ubao pekee uliobaki.

Nyonga imevunjika na uti wa mgongo umeumia. Madaktari wanasema maneno ya kungoja.

Sasa nisikilize, kwa sababu haya ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike.

Siku za kwanza kaka alikuwa mtu aliyekatika. Alikuwa akikaa sakafuni wodini, ameshika mguu wa kitanda. Nilidhani yameisha. Kisha yule dalali akampigia simu. Mteremko haukuanguka wote, Mutahi. Umebaki upande wa juu, karibu na mpaka, na una ile mithengera ya kwanza kabisa, mikubwa, iliyopogolewa tangu ikiwa michanga. Esteti sasa inaitaka. Mwenye kazi aliona picha akasema anataka ya kuweka kwenye lango, na kwa sababu siku ya ufunguzi imekaribia, bei imepanda kuliko bei yoyote ambayo kaka aliwahi kuisikia.

Nilimfuata shambani. Nilimkuta anafunga magunia.

“Utachimba tena?” nilimuuliza.

“Hospitali inataka pesa kila siku. Wewe uko nazo?”

“Sina. Tutachanga. Kanisa litachanga. Mutahi atatuma.”

“Mutahi!” alisema. “Mutahi ako mahali mti moja inauzwa kama gari. Yeye ndiye ataniambia niache miti yangu ikauke hapa? Warigia, hizi zinaanguka zenyewe hata nisipochimba. Afadhali zianguke zikiwa zimelipwa.”

Nilimwambia kwamba chini ya upande ule hakuna nyumba yetu tena, ni nyumba ya Kagure, na wajukuu zake. Alifunga fundo la gunia. Alisema amemwambia Kagure ahame siku hiyo moja tu.

Siku hiyo ni keshokutwa, Jumatatu.

Kagure amewapeleka watoto kulala kwenye ukumbi wa kanisa. Lakini yeye mwenyewe anarudi kila asubuhi kulisha mbuzi na kupalilia, kwa sababu hana pengine pa kula. Nilienda kwa chifu. Alisikitika sana, akasema shamba ni la mtu na miti ni ya mtu, na kwamba ataandika juu ya jambo hilo.

Mutahi, hapo ndipo unapoingia. Mwaka jana uliniambia kitu ukaniomba nisimwambie kaka, ili usimvunje moyo. Uliniambia nyumba mpya huko hazina bustani tena, zina mahali pa gari tu. Kwamba mzee wako ana miti aliyopandiwa na babake, imekuwa mikubwa mno na hakuna anayeitaka, na kwamba wanawe wako Tokyo na hawarudi. Kwamba alikodi mashine akaangusha safu nzima, na wewe ndiye uliyeichoma moto, na mzee akasimama kando kofia mkononi mpaka ikaisha. Nimelinyamazia neno hilo. Lakini Gathogo bado anaishi ndani ya zile picha zako za kwanza. Anaamini kuna nchi ambako mtu aliyevumilia na miti yake alitajirika, na kwamba sisi tunaomzuia tunamzuia mlangoni kabisa.

Mimi hanisikii. Kwake mimi ni mwanamke wa cherehani niliyeolewa nikaachika. Hata Mama yeye hamsikii, kwa sababu Gathogo akimsikia itabidi akubali kilichotokea. Wewe atakusikia. Mpigie kesho, usingoje Jumatatu, mchana kwetu bado atakuwa wodini na simu iko na chaji. Usimtumie pesa kwanza. Ukituma pesa bila maneno, atalipia lori nazo. Mwambie juu ya moto ule. Mwambie kwa sauti yako.

Usipompata, ujue tumeamua nini. Zubair amesema ataegesha pikapu yake kwenye njia panda, ingawa yule dalali ameshamtisha kwa simu. Wanawake wa kanisa wamesema watakuja, baadhi yao. Na jana jioni Mama aliniuliza kama kile kiti cha plastiki cha Watiri kinaweza kumbeba. Nikamuuliza anakitakia nini. Akasema ataketi katikati ya njia ya lori, hapo njia inapobana, na kwamba yeye ni mzee sana kusimama lakini kukaa anaweza siku nzima.

Nilimwambia nitakaa naye. Sijamwambia kwamba nimewaza sana, nikiwa hapa kwenye cherehani, kaka atamwambia dereva neno gani atakapomwona mama yake pale. Zamani ningejua jibu bila kufikiri.

Watiri anakusalimu na anauliza kama huko mnavaa sare za shule. Zubair na Yasin wanakusalimu. Kihara ameacha kazi Nairobi kwa muda, yuko wodini na mama yake, na ameniomba nisikuulize lolote kwa niaba yake. Tabby naye anakusalimu sana. Anasema usihangaike, yuko sawa. Ameniomba nisikuambie kwamba hausikii mguu wa kushoto.

Mama ameamka sasa, kama kweli alikuwa amelala. Anasema Mungu akufunike mahali ulipo, akuweke mbali na chochote kilicho juu ya kichwa chako, na uchague nyumba ya tambarare.

Wako akupendaye, dada yako uliyembebesha mizigo yako utotoni na bado anaibeba,

Warigia.